Bodi ya akedi haiwaki, picha inakimbia, sauti hamna: pa kuanzia

Bodi halisi ya gemu ya akedi, ile iliyokuwa ikila sarafu kumbini miaka ya 1980 na 1990, haikutengenezwa iwekwe sebuleni. Haina swichi ya kuwashia, haina tundu la HDMI, haina hata waya wa umeme. Kwa bodi nyingi za baada ya 1985 kuna ukingo mmoja tu wenye pini 56, na humo ndimo kunamopita kila kitu: umeme, picha, sauti, sarafu na vitufe. Ndiyo maana anayeanza hukutana na dalili tatu nne kwa mpigo, akaona kauziwa bodi mbovu. Mara nyingi bodi ni nzima. Kinachoisumbua ni umeme hafifu, ukingo mchafu, au televisheni isiyoelewa inachoambiwa.

Mwongozo huu unamhusu mwenye bodi ya mfumo wa JAMMA (mpangilio wa pamoja wa hizo pini 56), pawa saplai, skrini, na supagani, yaani kile kisanduku kinachoshika nafasi ya kabati la gemu na kugawa umeme, picha na vitufe. Zaidi ya hapo unahitaji multimita. Ya bei ya chini inatosha, ila bila mita kabisa utakuwa unapiga ramli.

Utaratibu ni umeme kwanza, kisha ukingo, picha, sauti na vitufe. Chipu zinakuja mwisho kabisa. Badilisha kitu kimoja, washa, tazama, zima. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na bodi ikapona, hujui ulichotibu.

KABLA YA KUWASHA MARA YA KWANZA

Shika bodi uangalie ukingo wake. Upande wenye chipu pini zinahesabiwa 1 hadi 28, na mara nyingi pameandikwa PARTS SIDE. Upande wa pili, wa solda, zinaitwa kwa herufi: A hadi Z bila G, I, O wala Q, kisha a, b, c, d, e, f ndogo. Mpangilio wa JAMMA ni huu:

1, 2, A, B, 27, 28, e, f: GND (ardhi, njia ya umeme kurudi)
3, 4, C, D: volti +5
5, E: volti −5
6, F: volti +12
7, H: tupu, mahali pa kidude cha kuzuia soketi kuingia kinyume
10 na L: spika, chanya na hasi
12 nyekundu, N kijani, 13 buluu, P sinki, 14 GND ya picha
15 test, R service, S tilt
16 na T: sarafu ya mchezaji wa 1 na wa 2
17 na U: start
18, 19, 20, 21 na V, W, X, Y: juu, chini, kushoto, kulia
22, 23, 24 na Z, a, b: vitufe vitatu vya kila mchezaji

Kidude cha pini 7 kinaonekana si kitu, lakini ndicho kinachookoa bodi. Soketi nyingi za bei rahisi zinauzwa bila hicho. Ukiichomeka soketi kinyume, volti 12 zinatua kwenye pini 23 na a, yaani kitufe cha pili cha wachezaji wote wawili, na chipu zinazopokea vitufe zinaungua palepale. Kama soketi yako haina kidude, kata kipande cha plastiki ngumu ukikandamize kwenye nafasi ya 7, halafu paka rangi nyeupe ncha ya soketi yenye pini 1. Usitegemee kumbukumbu saa tano za usiku.

Usitegemee umbo la ukingo pia. Bodi za kabla ya JAMMA zina mipangilio yao na zinahitaji adapta: bodi ya asili ya Pac-Man (1980) ina pini 44 na inataka umeme wa AC wa karibu volti 7, na ya Donkey Kong (1981) inatoa picha yenye rangi zilizogeuzwa. Hakikisha hivi: weka mita kwenye mlio (inalia ncha zake zikiwa zimeunganika), ncha moja iguse mguu wa GND wa chipu yoyote ya familia ya 74 (mguu wa 7 kwa chipu ya miguu 14, wa 8 kwa miguu 16, wa 10 kwa miguu 20, hiyo ndiyo kawaida ya nyingi), nyingine iguse pini 1, 2, 27 na 28. Zote zilie. Kisha mguu wa mwisho kabisa wa chipu hiyo, yaani wa 14, 16 au 20, ulie na pini 3 na 4. Isipokuwa hivyo, usiiwashe.

Mwisho pima ohm kati ya +5 na GND kwenye bodi ikiwa haijaunganishwa popote. Makumi au mamia ya ohm ni kawaida. Chini ya ohm 1 au 2 kuna shoti, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu, ile ndogo yenye umbo la tone la maji. Rudia kipimo hicho kwa +12 na −5.

Aliyenunua kabati zima kutoka Japani ana jambo moja la ziada. Makabati kama Astro City ya Sega yanatumia umeme wa ukutani wa volti 100. Kwetu ni 230 hadi 240, kwa hiyo lazima transfoma ya kushusha, yenye uwezo wa kubeba skrini na pawa saplai kwa pamoja. Bodi yenyewe haijali, kwani inapokea DC tu. Na nyuma ya skrini ya chubu usiingize mkono: kuna volti maelfu mengi, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi.

HAIWAKI KABISA

Skrini nyeusi, spika kimya, hata mlio mdogo hakuna. Pima volti, ila mahali unapopimia ndipo penye siri. Watu hupima kwenye pawa saplai, wanaona 5.0, wanaridhika. Pima kwenye bodi yenyewe, kati ya miguu ya chipu, bodi ikiwa imewashwa. Unachotaka kuona ni kati ya 4.9 na 5.1. Chipu za zama hizo zimekadiriwa 4.75 hadi 5.25. Chini ya hapo zinachanganyikiwa, juu ya hapo unazikaanga.

Volti zinapotea njiani, na hesabu yake si ngumu. Chukua waya mwembamba wa 0.22 mm², aina inayopatikana ndani ya kebo za simu na mtandao. Ukinzani wake ni karibu ohm 0.08 kwa mita. Bodi inavuta ampia 4, umeme unasafiri mita moja kwenda na mita moja kurudi kupitia GND: 0.08 × 2 × 4 ni karibu volti 0.65. Pawa saplai inasema 5.0, bodi inapata 4.35, nayo haiwaki. Tumia waya wa 0.75 mm² wenye urefu wa nusu mita, upeleke miwili kwa +5 na miwili kwa GND, na upotevu unashuka hadi karibu volti 0.05. Ujaze pini zote nne za +5 na zote nane za GND, maana pini moja ikibeba mzigo peke yake inapata moto, inakuwa nyeusi, na siku moja inaachia.

Pawa saplai za kabati la gemu zina kirekebisho kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, hasa kwa +5. Zungusha kidogokidogo huku mita iko kwenye bodi. Kosa la kawaida ni kupandisha mpaka 5.4 ili kufidia waya mwembamba, halafu kesho unachomeka bodi ndogo inayovuta ampia 1 tu, nayo inapokea 5.3 mwilini. Tibu waya kwanza.

Kama pawa saplai yenyewe haitoi kitu, au mshale unachezacheza, huenda haina mzigo. Aina hii nyingi hazitulii zikiwa tupu. Funga taa ya breki ya gari, ile ya volti 12 na wati 21, kati ya +5 na GND. Itavuta karibu ampia 1 na kuwaka kwa unyonge. Volti zikitulia, pawa saplai ni nzima. Wanaotumia pawa saplai ya kompyuta wakumbuke kuunganisha waya wa kijani na GND ili iwake, na kwamba za kisasa hazina −5. Hiyo inapatikana kwa kupitisha −12 kwenye chipu ya 7905.

Je, −5 ni lazima? Kwa bodi nyingi za miaka ya 1990 si lazima. Bodi za zamani zenye kumbukumbu aina ya 4116 zinaihitaji, na baadhi ya amplifaya za sauti pia. Bodi ikiwaka vizuri bila sauti, lirudie swali hili.

INAWAKA, INAJIZIMA, INAWAKA TENA

Picha inatokea sekunde moja, inakatika, inaanza upya, kwa vipindi vilivyo sawasawa kama saa. Ndani ya bodi kuna mlinzi: kihesabu ambacho programu inapaswa kukigusa kila baada ya muda mfupi. Programu ikikwama, mlinzi haguswi, naye anaianzisha bodi upya. Kwa hiyo kujianzisha upya ni malalamiko tu. Chanzo chake kiko kwingine.

Vipindi vikiwa sawa kabisa, kichakataji hakisomi programu yake vizuri: ukingo mchafu, katriji haijakaa, chipu ya programu imelegea kwenye soketi. Vipindi visipokuwa sawa, au bodi ikianguka pale tu picha inapojaa milipuko na sauti kubwa, umeme unashuka chini ya mzigo. Acha mita kwenye +5 ukicheza. Ikizama kutoka 5.0 hadi 4.7 kila bomu linapolia, umempata mwizi.

UKINGO NA MIGUSO

Kusafisha ukingo kunatibu bodi nyingi kuliko kitu kingine chochote, hasa kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar ambako chumvi ya hewani haimwachi mtu wala chuma. Chukua raba nyeupe laini ya shuleni, sugua pini kwa kufuata urefu wake, kutoka kwenye bodi kwenda nje. Kisha futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ngoja ikauke. Msasa marufuku: tabaka la dhahabu ni jembamba mno, ukiliondoa, shaba iliyo chini itaota kutu kila mwezi.

Soketi nayo ina maisha yake. Chungulia ndani kwa tochi. Miguso mizima inang'aa na imejikunja sawa, ila mguso wa pini 3 au 4 uliokufa utauona umefifia kuwa wa kahawia na umelala, hausukumi tena. Kuukunja kwa sindano kunasaidia wiki mbili. Badilisha soketi.

Chipu zilizo kwenye soketi zinyanyue kwa bisibisi bapa, ncha moja kisha nyingine, milimita moja moja, halafu zirudishe. Kumbuka upande wenye alama ya nusu duara. Chipu ya programu ikirudishwa kinyume inaungua mara tu umeme unapoingia.

PICHA

Hapa ndipo penye ghasia nyingi kwa aliye nyumbani, kwa sababu bodi na televisheni hazikuwahi kutambulishwa. Bodi inatoa rangi tatu kila moja kwa waya wake, na sinki kwa waya wa nne. Sinki hii si ile ya kuoshea vyombo. Ni ishara inayoiambia skrini mstari unaanzia wapi na picha inaanzia wapi. Gemu nyingi zinachora mistari karibu 15,700 kwa sekunde, kasi ileile ya televisheni za chubu, lakini nguvu ya rangi zake ni kubwa kuliko televisheni inavyotarajia.

Picha inakimbia juu-chini au imelala mshazari. Sinki haifiki. Fuata waya wa pini P. Bodi ikiwa imewashwa, pima DC kati ya P na GND: kwa kawaida utaona kati ya volti 3 na 4.5. Ukiona sifuri, bodi haitoi sinki au waya una shoti. Ukiona volti nzuri na picha bado inakimbia, huenda nguvu imezidi. Tundu la SKATI la televisheni, lile pana la nyuma lenye pini nyingi, linapokea sinki kwenye pini 20 kwa ukinzani wa ohm 75. Weka rezista ya ohm 470 njiani, na volti 5 zitashuka hadi karibu 0.7.

Picha ipo lakini sehemu ya juu imepinda kama bendera. Baadhi ya televisheni zinachelewa kushika sinki ya bodi. Jaribu tundu jingine la televisheni hiyohiyo, maana mara nyingi moja lina uvumilivu kuliko jingine. Supagani nzuri zina chipu ya LM1881 ya kusafisha sinki, na hapo ndipo inapolipa gharama yake.

Rangi kali mno, nyeupe inamwagika, maandishi yana ukungu. Bodi inatoa rangi zinazoweza kufika volti 3 au zaidi, televisheni inataka 0.7. Rezista ya karibu ohm 250 kwenye kila rangi inaigeuza volti 3 kuwa 0.69 mbele ya ohm 75. Bodi hazifanani, kwa hiyo supagani bora ina kirekebisho cha kuzungusha kwa kila rangi. Anza chini kabisa ukipandisha, usianze juu. Rekebisha kwa kutumia skrini ya majaribio ya bodi yenye michirizi ya rangi, si gemu yenyewe: kijivu kikibaki kijivu bila kuelekea pinki wala kijani, umefika.

Rangi moja haipo. Kila kitu kikiwa na rangi ya samawati, nyekundu imekatika; kikiwa cha zambarau, ni kijani; kikiwa cha manjano, ni buluu. Badilishana nyaya mbili za rangi kwenye upande wa televisheni. Upungufu ukihamia rangi nyingine, tatizo liko kwenye bodi, soketi au kebo. Usipohama, liko kwenye televisheni.

Picha ipo lakini rangi zote ni za ajabu, kijani na pinki kila mahali. Umechomeka RGB kwenye matundu ya komponenti. Televisheni nyingi za chubu zilizoingia kwetu hazina SKATI ila zina matundu matatu ya RCA yenye rangi nyekundu, kijani na buluu, na kila anayeanza hudhani hizo ndizo rangi za bodi. Sizo. Lazima pawepo kibadilishi kati yao. Na ukitumia tundu la njano la AV, unahitaji kisimbaji kinachotoa mfumo wa rangi ambao televisheni yako inausoma. Vinginevyo utapata picha nzuri isiyo na rangi hata moja.

Televisheni bapa inasema hakuna ishara. Nyingi hazipokei kasi hii kwa tundu lolote, kwa hiyo weka kipandishi, yaani kifaa cha kupandisha kasi ya mistari ya picha, kama OSSC, RetroTINK au bodi ya GBS-8200. Lakini hata nacho kuna gemu zitagoma. Televisheni imezoea picha 50 au 60 kwa sekunde. R-Type ya Irem (1987) inatoa 55, na Mortal Kombat inatoa karibu 54.7. OSSC inapitisha kasi hiyo bila kuigusa, nayo televisheni inakataa. Jaribu skrini ya kompyuta, kwani hizo mara nyingi zinakubali kile televisheni isichokikubali, au tumia kipandishi chenye akiba ya picha kinachotoa 60 kamili, na ukubali kigugumizi kidogo wakati picha inapotembea.

Picha imelala ubavu. Hakuna kilichoharibika. Pac-Man, 1942 na gemu nyingi za ndege zilichezwa kwenye skrini iliyosimamishwa wima. Ikiwa imepinduka juu chini, tafuta swichi ndogo za kwenye bodi. Moja wapo hupindua picha.

SAUTI

Kimya kabisa wakati gemu inajionyesha yenyewe? Tia sarafu kwanza, uanze kucheza. Bodi nyingi zina swichi ndogo ya kuzima sauti ya maonyesho, ambayo wenye kumbi waliizima wasipasuke vichwa.

Bado kimya: pima +12 kwenye bodi. Amplifaya inaishi kwa +12, wakati picha na gemu vinaishi kwa +5. Ndiyo maana gemu inaweza kwenda vizuri bila sauti hata kidogo. Halafu zungusha kirekebisho cha sauti cha kwenye bodi mara ishirini kutoka mwisho hadi mwisho. Vumbi la miaka thelathini linakwanguka humo.

Sauti ya bodi imeshapanuliwa kwa ajili ya spika ya ohm 8. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye televisheni itakwaruza, na kuna hatari kubwa zaidi: kwenye bodi fulani pini L si GND. Amplifaya inasukuma pini 10 na L kwa pamoja, kila moja upande wake, na kebo ya kawaida ya sauti inayoifunga L kwenye GND inaweza kuiua amplifaya mara moja. Pima kwanza. Umeme ukiwa umezimwa, L na GND zikilia, uko salama. Zisipolia, washa na upime DC kwenye pini 10 na kwenye L: ukiona karibu volti 6 kwenye kila moja, ni amplifaya ya aina hiyo. Tumia spika halisi, au transfoma ndogo ya sauti inayotenganisha pande mbili.

Sauti ya chini yenye mngurumo, au inayofifia bodi ikipata joto, ni kapasita zilizokauka. Baadhi ya bodi za Konami za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina moduli ndogo ya sauti iliyosimama wima, namba 054986A, ambayo kapasita zake huvuja na kuozesha moduli nzima. Ukinunua bodi hiyo, nusa sehemu hiyo. Harufu ya samaki aliyechacha si nzuri.

VITUFE NA SARAFU

Kitufe cha JAMMA hakipeleki umeme; kinaunganisha pini na GND, basi. Hilo linarahisisha upimaji: chukua waya mfupi, ncha moja kwenye GND, nyingine iguse pini 16 kwa sekunde moja. Sarafu ikihesabiwa, bodi ni nzima na tatizo ni swichi yako au waya wake. Isipohesabiwa, pima volti ya pini hiyo ikiwa haijaguswa. Inatakiwa kuwa karibu 5. Ikiwa sifuri, kuna kitu kimeishika chini: jostiki iliyokwama, tone la solda, au chipu ya kupokea iliyoungua. Chomoa jostiki kwanza.

Kuna wanaoona sarafu inaingia ila start haijibu. Angalia kama bodi inadai sarafu mbili kwa mchezo mmoja. Ni mpangilio wa swichi ndogo tu.

Street Fighter II (1991) inahitaji vitufe sita, JAMMA ina vitatu. Mateke yanapita kwenye soketi nyingine iliyo juu ya bodi, na bila kebo yake utapigana kwa ngumi peke yake. Neo Geo MVS, bodi ya SNK yenye katriji, inachukua kitufe cha nne kwenye pini 25 na c. Na kama kitufe cha sita kinajibonyeza chenyewe bila kukoma, tazama supagani yako: baadhi hupitisha kitufe hicho kwenye pini 27, ambayo JAMMA ya kawaida inaifanya GND. Tafuta swichi ya kukitenga.

BETRI

Kuna betri za aina mbili, na ukizichanganya utaumia.

Ya kwanza inahifadhi mipangilio na alama tu. Kwenye Neo Geo MVS ni betri ya kuchaji ya volti 3.6 iliyoviringwa plastiki, na kosa lake ni kuvuja. Ukiona unga wa kijani au mweupe kando yake, ikate leo. Majimaji yake ni ya alkali, hivyo yaue kwa siki nyeupe kwenye mswaki, kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Bodi inacheza bila betri hiyo. Ukitaka kuweka betri ya saa ya CR2032 badala yake, lazima ukate njia ya kuchaji, maana hiyo haichajiki na inaweza kupasuka. Ujumbe wa BACKUP RAM ERROR wakati wa kuwasha kwa kawaida unaanzia kwenye nyuzi za shaba zilizoliwa karibu na betri hii. Fuatilia kila uzi kwa mlio wa mita, na palipokatika ruka kwa waya mwembamba.

Ya pili ndiyo yenye ukatili. Kwenye CPS-2 ya Capcom, mfumo wa kuanzia 1993, betri ya lithiamu ya volti 3.6 inalinda funguo za kufumbua programu. Betri ikifa, funguo zinafutika, na bodi inawaka ikionyesha skrini ya rangi moja tupu. Kuweka betri mpya baada ya hapo hakurudishi kitu. Baadhi ya bodi za Sega System 16 zina betri ya namna hiyo ndani ya kichakataji cha FD1094. Pima betri ya CPS-2 mara moja kwa mwaka. Ikishuka chini ya 3.2 usingoje. Unapoibadilisha, bodi inashikilia kumbukumbu kwa muda mfupi sana, kwa hiyo andaa solda, betri mpya na koleo mezani kabla hujagusa ya zamani. Funguo zikishapotea bado kuna njia: tangu 2016 inajulikana jinsi ya kuziandika upya kwa kompyuta ndogo ya aina ya Arduino, na bodi zilizokuwa zikiuzwa kama maiti zinafufuliwa.

MICHORO ILIYOHARIBIKA

Hapa umeshamaliza yote ya juu, volti ziko sawa, ukingo unang'aa, na bado wahusika wana mistari mwilini au mandhari imejaa vipande vya herufi. Washa huku umeshikilia swichi ya test, au gusa pini 15 na GND. Bodi nyingi zitajipima zenyewe. Bodi za Japani zinaandika OK au NG, na NG maana yake kibovu. Za Konami mara nyingi zinakutajia hadi mahali pa chipu, kama 6D BAD, na herufi na namba hizo zimechapwa kwenye bodi yenyewe, kama mitaa.

Soma kinachoharibika. Mistari ya wima juu ya wahusika tu, huku mandhari ikiwa safi, inaashiria kumbukumbu au michoro ya wahusika. Mandhari mbovu na wahusika wazima, ni upande wa mandhari. Rangi zisizo zake huku maumbo yako sahihi, ni kumbukumbu ya rangi. Kisha gusa chipu za eneo hilo kwa kidole. Inayounguza kuliko wenzake ina kesi ya kujibu. Chipu ndogo za familia ya 74 zilizotengenezwa na Fujitsu zinajulikana kwa kufa kimyakimya: mguu wa kutoa unabaki hewani, si juu wala si chini, na kalamu ya kupimia mantiki inaona hilo mara moja.

Chipu za programu na michoro zenye kidirisha cha kioo zinaweza kupoteza data miaka inavyopita, hasa stika ya kidirisha ikiwa imebanduka na mwanga unaingia. Zisome kwa kisomaji kama TL866, ulinganishe jumla ya uhakiki na ile iliyoorodheshwa kwenye MAME, programu ya kuigiza bodi za akedi kwenye kompyuta. Zikitofautiana, soma mara tatu zaidi kabla ya kuhukumu, kwa kuwa mguu mchafu nao unatoa jibu la uongo. Majibu yakiwa tofauti kila mara, safisha miguu. Yakifanana yote na bado si sahihi, choma chipu mpya ya aina hiyohiyo, na ile ya zamani ifunike kidirisha kwa stika uihifadhi pamoja na bodi.